Mwenye kisima muulize Oktoba

Fungua tovuti ya biashara ndogo hapa Dodoma, iwe ya nyumba ya wageni, ya fundi wa madirisha ya aluminiamu au ya muuza mafuta ya alizeti, kisha ushuke mpaka palipoandikwa "Wateja wetu wanasemaje". Mara nyingi utakuta hivi: "Huduma nzuri sana, Mungu awabariki." "Kazi safi, nimeridhika." Pembeni kuna nyota tano na picha ya mtu anayetabasamu, iliyookotwa mtandaoni, ambaye hajawahi kukanyaga hata Kibaigwa.

Maneno yenyewe huenda ni ya kweli. Tatizo ni swali lililoyazaa. Ukimuuliza mteja wetu "umeionaje huduma?", atakujibu kwa adabu, kama anavyojibu "nzuri" akiulizwa habari za asubuhi hata kama amelala na homa. Amekushukuru, na ni malezi mema. Lakini anayesoma ukurasa wako akiwa na milioni nane za kukukabidhi hapati cha kushika kwenye shukrani hiyo. Yeye ana hofu yake mahususi, na anatafuta mtu aliyewahi kuwa na hofu ileile akaivuka.

Kwa hiyo kazi ya ushuhuda, yaani maneno ya mteja unayoyaweka kwenye tovuti, inaanza kwenye simu yako, kabla hujaigusa tovuti yenyewe. Pitia meseji za WhatsApp za miezi mitatu iliyopita. Kila swali ambalo mtu aliuliza kabla ya kulipa liandike kwenye daftari, ukiweka alama kila linapojirudia. Maswali ya bei yaweke kando, maana hayo yanajibiwa na orodha ya bei. Yatakayobaki yatakuwa machache kuliko unavyodhani, kwa kawaida manne au matano, na hayo ndiyo hofu za wateja wako. Ushuhuda usiojibu hata moja kati ya hayo hauna kazi kwenye ukurasa, hata kama aliyeutoa ni mtu mkubwa.

Chukua uchimbaji wa visima, kwa sababu kwa mkoa huu ni biashara ya kweli na hofu zake ziko wazi. Dodoma ni kukavu. Mvua ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Jiji lenyewe limeishi miaka mingi kwa maji ya visima vya Makutupora. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, watu wamenunua viwanja Ihumwa, Nala na Msalato, na nyumba nyingi zimetangulia bomba. Mwenye kiwanja anayempigia mchimbaji anauliza haya: Mkichimba mkakosa maji, hasara ni ya nani? Yakiwa ya chumvi je? Yatafika Oktoba au yatakauka? Bei ya mita mliyonitajia ndiyo hiyohiyo mkifika kwenye mwamba? Kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde nafuatilia mimi au nyinyi?

Soma sasa ushuhuda huu. Nimeutunga ili uone umbo lake, kwa hiyo usiunakili:

"Niliogopa mambo mawili, chumvi na kiangazi. Walichimba Februari, mita 110. Maji yana chumvi kidogo, kwenye chai unaisikia, lakini kufua na kumwagilia hayana shida. Leo ni tarehe 20 Oktoba na pampu bado inajaza tangi la lita 2,000 kwa saa moja na nusu, kama siku ya kwanza." Mwalimu mstaafu, Ihumwa.

Ni maneno chini ya hamsini. Angalia yanavyofanya kazi. Sentensi ya kwanza inataja hofu, na msomaji mwenye hofu hiyo anasimama hapohapo. Mita 110 ni namba anayoweza kuizidisha kwa bei ya mita akajua mwenzake alilipa ngapi. Chumvi kwenye chai ni kasoro, na kasoro hiyo ndiyo inayobeba ushuhuda mzima, kwa sababu mtu wa kubuni asingeiweka. Kisha kuna tangi. Fundi angesema lita elfu moja na mia tatu kwa saa, mwenye nyumba anahesabu kwa tangi lililo juu ya mnara wake, na msomaji naye ana tangi kama hilo au anapanga kulinunua. Mwisho ni tarehe. Kisima kilichochimbwa Februari kikasifiwa Machi hakijathibitisha lolote, maana mwezi Machi hata korongo lina maji. Kisima kinachosifiwa Oktoba kimepita miezi sita bila tone la mvua.

Wengi wanakosea kwenye muda. Wanaomba ushuhuda siku ya kukabidhi kazi, mteja akiwa bado na furaha. Furaha hiyo haijapimwa. Kila kazi ina siku yake ya kuhojiwa, nayo ni siku ile hofu ya mteja inapokuwa imepata jibu. Mwenye kisima muulize Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, kabla mvua hazijaanza. Aliyeezekewa paa muulize Januari, baada ya mvua kubwa mbili au tatu, umuulize hasa kuhusu maungio na pale paa linapokutana na ukuta. Aliyewekewa madirisha ya aluminiamu muulize Septemba, baada ya pepo za Julai na Agosti, kwa sababu hapa kwetu dirisha linajaribiwa na vumbi kuliko mvua. Muuza mafuta ya alizeti aulize dumu la lita tano linapokaribia kuisha, wiki nne au sita kwa familia ya kawaida. Wakati huo mama wa nyumba ameshajua kama yanatoa povu kwenye kikaango na kama yameacha mashapo chini ya dumu. Mgeni wa nyumba ya wageni muulize asubuhi anayoondoka, kabla hajafika stesheni. Akishapanda treni amekusahau. Mpishi wa harusi angoje siku tatu, bibi harusi alale kwanza.

Siku ya kukabidhi kazi, andika kwenye risiti au kwenye simu yako tarehe ya kumrudia mteja. Usipoandika hutamrudia.

Namna ya kuuliza

Fomu ya maoni yenye visanduku kumi haitajazwa. Barua pepe haitafunguliwa. Kinachofanya kazi huku ni WhatsApp, na ndani yake ujumbe wa sauti, kwa sababu mtu anayeona uvivu kuandika mistari miwili yuko tayari kuzungumza dakika mbili akiwa anangoja daladala. Tuma ujumbe mfupi, salamu kwanza, kwa namna unavyomwita siku zote:

"Shikamoo mama. Ni fundi wa paa, yule wa mwezi wa tisa. Mvua zimeshanyesha, nilitaka kujua paa linaendeleaje. Ukipata nafasi naomba unijibu kwa sauti mambo matatu. Kabla hujatupa kazi ulikuwa unahofia nini? Mvua iliponyesha ilikuwaje? Na kama ungekuwa wewe ndiye fundi, ungebadilisha nini?"

Swali la kwanza linaleta hofu. La pili linaleta tukio, na tukio huja na namba na siku bila kulazimishwa. La tatu linampa mteja ruhusa ya kulalamika bila kuonekana mkorofi. Watu wetu wengi hawatakwambia usoni kwamba umechelewa siku nne. Wakiulizwa wangefanyaje wao, watasema "ningemwambia mteja mapema kama bati halijafika." Hilo ni lalamiko limevaa nguo ya ushauri, lipokee. Mara nyingi ndilo litakaloingia kwenye tovuti, likifuatwa na sentensi moja yako inayosema umebadilisha nini.

Usiulize "unaweza kutuandikia ushuhuda?" Neno ushuhuda kwa wengi lina harufu ya ibada. Mtu akiombwa ushuhuda anasimama wima, anaanza na shukrani kwa Mungu, na habari za paa zinapotea. Pia usimtumie maneno uliyoyaandika wewe ili aidhinishe tu. Ataidhinisha kwa heshima, na wateja watano wataonekana wameandika kwa mkono mmoja, jambo ambalo msomaji analiona mara moja.

Ukishapata sauti, iandike neno kwa neno, kisha kata. Dakika mbili za mazungumzo ni maneno kama 250, wewe unahitaji 30 hadi 60. Toa marudio, toa "yaani" na "unajua", toa majina ya watu wengine. Unaruhusiwa kusogeza sentensi ya hofu iwe ya kwanza. Huruhusiwi kuongeza neno ambalo hakulisema, kubadili namba, wala kukata kasoro ukabakiza sifa kutoka sentensi moja. Lugha yake iache. Akisema "pampu inasukuma mpaka raha", usiigeuze iwe "pampu ina ufanisi wa hali ya juu". Akichanganya na Kigogo au na Kirangi, acha neno hilo kama linaeleweka. Na tovuti ikiwa na ukurasa wa Kiingereza kwa ajili ya mashirika, tafsiri iwekwe chini ya maneno yake ya Kiswahili, na iandikwe wazi kwamba ni tafsiri.

Maandishi yakiwa tayari, mrudishie ayasome na uombe ruhusa kitu kimoja kimoja: maneno haya, jina lako la kwanza au kazi yako tu, mtaa, picha ya nyumba. Watu hukubali kimoja wakakataa kingine. Hapa Dodoma, ambako wateja wengi ni watumishi wa umma, utakuta mtu yuko radhi kusema lolote ila hataki jina wala ofisi yake ionekane kwenye tangazo la biashara. Mwache awe "mtumishi, Kisasa" au "mama wa watoto wanne, Nkuhungu". Kazi na mtaa vinatosha, tena mara nyingi vinamfaa msomaji kuliko jina, kwa kuwa vinamwonyesha kama huyu ni mtu wa hali yake. Nembo ya wizara au ya taasisi usiiweke bila barua. Na picha ya mheshimiwa aliyepita dukani kwako kununua mvinyo si ushuhuda wa mvinyo, ni ushuhuda kwamba alipita.

Ruhusa ihifadhi. Piga picha ya skrini ya jibu lake, iweke kwenye folda pamoja na sauti yenyewe, jina la faili likiwa na tarehe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na jina, sura na sauti ya mteja ni taarifa zake binafsi. Inamtaka anayekusanya taarifa za namna hii ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inampa mwenye taarifa haki ya kuondoa ridhaa yake. Akikupigia miaka miwili baadaye akataka jina litoke, litoe siku hiyohiyo, kwenye tovuti na kwenye kurasa za mitandao ulikolisambaza.

Mahali pa kuuweka

Ukurasa wa peke yake uitwao "Ushuhuda", wenye maoni arobaini yaliyopangwa kama gunia la mahindi, haufunguliwi na mtu mwenye shida. Ushuhuda unakaa pale hofu inapozuka. Wa chumvi ukae kwenye aya inayoeleza upimaji wa maji. Wa bei ya mita isiyogeuka ukae chini ya jedwali la bei, hatua moja na namba zenyewe. Wa mgeni aliyeshuka treni ya SGR saa tano usiku akakuta geti linafunguliwa na mlinzi anayemjua kwa jina ukae juu ya kitufe cha kuweka nafasi. Wa msafiri wa kikazi anayesema alitumia dakika ngapi asubuhi kutoka chumbani mpaka ofisi za Serikali za Mtumba ukae pembeni ya ramani. Ukurasa wa mbele unatosheka na miwili, mitatu ikizidi.

Pima kwa simu. Simu nyingi za bei ya kawaida zina skrini yenye upana wa pikseli 360 hivi. Kwa herufi za ukubwa wa 16, ushuhuda wa maneno arobaini unachukua mistari saba au minane, na bado kitufe cha WhatsApp kinaonekana chini yake. Wa maneno 120 unakisukuma kitufe nje ya skrini. Kama maelezo ni marefu na yana thamani, weka sentensi mbili zenye uzito juu na mengine yafunguke kwa kugusa "Endelea kusoma".

Usikubali kuuziwa maoni yanayotembea yenyewe, yale yanayobadilika kila sekunde tano. Msomaji wa taratibu hajamaliza la kwanza limeshaondoka, wa haraka haoni la pili, na simu dhaifu inakwama kwa sababu ya programu inayoyaendesha. Maandishi yaliyotulia yanashinda kila siku.

Kuna picha za skrini za WhatsApp, ambazo kila mtu anazipenda. Nazikataa, na nina sababu zangu. Picha moja ina kilobaiti mia kadhaa, wakati maneno yaleyale yakiandikwa hayafiki kilobaiti moja, na anayefungua ukurasa wako analipia kifurushi. Herufi zake zikishabanwa kwenye simu hazisomeki. Asiyeona vizuri anayetumia simu inayosoma maandishi kwa sauti hapati kitu. Juu ya picha mara nyingi kuna namba ya mteja au sura yake ambayo hukuiombea ruhusa. Na kubwa kuliko yote, watu wanajua kwamba mazungumzo ya WhatsApp yanaweza kutengenezwa kwa programu za bure. Matapeli na waganga wa mitandaoni wamezitumia picha hizo mpaka zimekuwa alama yao. Kumwekea msomaji picha ya skrini ni kumkumbusha mara ya mwisho alipoibiwa.

Picha inayosaidia ni ya kazi yenyewe: mdomo wa kisima na bomba likitiririka, kona ya dirisha kwa karibu ili silikoni ionekane, sebule baada ya mvua. Ipunguze iwe na upana wa pikseli 800, uihifadhi kwa muundo wa WebP, isizidi kilobaiti 80. Kabla ya kuipandisha, hakikisha haina alama ya mahali. Picha ya simu huweza kubeba ndani yake latitudo na longitudo za nyumba ya mteja. Ikitumwa WhatsApp kama picha ya kawaida alama hizo hufutika, ikitumwa kama hati zinabaki. Mwenye nyumba aliyekuruhusu kupiga picha kisima chake hakukuruhusu kuwaonyesha wezi njia.

Video ni nzuri kwa mpishi, kwa ukumbi na kwa shule ya udereva, mahali ambapo sura ya mtu inasema zaidi ya maneno. Sekunde 30 hadi 60 zinatosha. Simu isimame wima, maneno yaandikwe chini kwa kuwa wengi hutazama bila sauti, ihifadhiwe YouTube, na kwenye ukurasa iwekwe picha tu inayoanza kucheza ikiguswa. Mengine ya video ni mapambo.

Kila ushuhuda uwe na mwezi na mwaka. Bei ikibadilika, mpishi akiondoka au mashine ikiuzwa, ushuhuda uliosimama juu ya kitu hicho uondoke. Kwa biashara nyingi ushuhuda wa zaidi ya miaka miwili umechoka. Visima ni kinyume: ule wa mwaka 2021 ukiongezewa mstari wa "Oktoba 2025, bado kinajaza tangi", unapanda thamani.

Nyota za Google

Kama duka lako lipo kwenye ramani ya Google, dai umiliki wa wasifu wake wa biashara, kisha chukua kiungo cha kuomba maoni kinachopatikana humohumo. Kigeuze kiwe msimbo wa QR, ukichapishe kwenye karatasi ngumu pale kaunta. Maoni ya pale yana nguvu ambayo ya tovuti hayana: wewe huwezi kuyahariri, na msomaji anajua hivyo. Kwenye tovuti nukuu mawili kama yalivyo, uweke kiungo cha kwenda kuyasoma yote.

Usitoe soda, punguzo wala vocha ili mtu aandike. Kanuni za Google zinakataza kulipia maoni kwa namna yoyote, na zinakataza pia kuwaomba wale tu unaojua wameridhika. Maoni yanaweza kuondolewa, tena pamoja na ya kweli.

Kuna watengeneza tovuti wanaouza "nyota kwenye Google": wanaingiza alama kwenye msimbo wa tovuti yako wakiahidi kwamba jina la biashara litatokea na nyota tano kwenye matokeo ya utafutaji. Usitoe hela. Tangu Septemba 2019 Google haionyeshi nyota za maoni ambayo biashara imejiwekea yenyewe, kwenye tovuti yake, kuhusu biashara hiyohiyo. Nyota za bidhaa moja moja ni habari nyingine, lakini fundi wa paa hauzi bidhaa moja moja.

Wala usilie ukipata nyota tatu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walichapisha mwaka 2017 uchambuzi wa manunuzi ya mtandaoni ulioonyesha kwamba uwezekano wa mtu kununua unakuwa juu zaidi pale wastani wa nyota ulipo kati ya 4.0 na 4.7, kisha unashuka ukikaribia 5. Soko la Majengo lingekwambia hivyo bila utafiti: muuzaji ambaye nyanya zake zote ni nzuri, za chini hujaziona. Jibu lalamiko ndani ya siku moja, kwa pole, kwa ukweli wa kilichotokea na kwa hatua uliyochukua, bila kubishana. Unamwandikia anayelalamika, lakini wasomaji ni mamia wanaokuja baadaye.

Kubuni ushuhuda ni kosa, na hapa si suala la aibu tu. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kumpotosha mlaji. Kwa dawa ni zaidi: matangazo yake yanasimamiwa na TMDA, mamlaka ya Serikali ya dawa na vifaa tiba, hivyo anayeuza dawa asiweke kabisa maneno ya "nilipona". Na Dodoma, pamoja na kukua kwake, bado ni mji ambao mtu anaweza kuuliza kwenye jumuiya, kwenye vikoba au kwa bodaboda wa mtaa huo, akajua kabla jua halijazama kama huyo mwalimu mstaafu wa Ihumwa yupo au hayupo.

Kwa sababu hiyohiyo, wateja wa kazi kubwa watakwambia, "Nipe namba ya mtu mmoja mliyemfanyia kazi." Usiweke namba hizo kwenye tovuti. Uwe na orodha ya wateja watatu au wanne waliokubali kupigiwa, wa mitaa tofauti, uwapokeze zamu ili mmoja asichoke, na kila mara umjulishe kwanza: "Kaka, kuna mtu wa Nala atakupigia leo kuhusu kisima." Kwenye ukurasa andika tu kwamba ukiomba utaunganishwa. Sentensi hiyo fupi inaupa uzito kila ushuhuda ulio juu yake, hata kwa asiyeomba.

Utajuaje kama inafanya kazi? Kitufe chako cha WhatsApp kitengeneze kwa kiungo kinachoanza na wa.me, kisha namba inayoanza na 255 bila alama ya kujumlisha wala sifuri (wanaoweka sifuri mbele ndio ambao kitufe chao hakifunguki), kisha ?text= na ujumbe ulioandikwa tayari, nafasi kati ya maneno zikiandikwa %20. Ukurasa wa visima uwe na "Habari, nimesoma kuhusu visima", wa matangi uwe na wake. Utaona ni ukurasa upi unaoleta watu. Lakini idadi kwa biashara ndogo hupanda na kushuka yenyewe, wiki ya Bunge la bajeti si sawa na wiki ya Krismasi. Mimi naliamini zaidi daftari lile la maswali. Baada ya miezi miwili lisome tena. Kama watu bado wanauliza "yakiwa ya chumvi je?", ushuhuda wa chumvi uko mahali pabaya au haujibu. Kama swali limepungua na wanaopiga wanaanza na "nataka mje mpime", umekaa sawasawa.

Kuna hofu moja ambayo daftari la mchimbaji litaionyesha juu ya zote, na karibu kila tovuti inaikwepa: kukosa maji. Upimaji hupunguza hatari hiyo, hauiondoi. Mchimbaji yeyote wa muda mrefu ana mteja ambaye shimo lake lilitoka kavu, na huyo ndiye wa kumwendea, kwa miguu kama yuko karibu, si kwa meseji. Umwamkie, ukae, umwambie unataka kuandika kwenye tovuti yaliyotokea kwake kama yalivyotokea, na kwamba akikataa hakuna ubaya. Kama ulimtendea haki siku ile, kuna uwezekano mzuri atakubali. Maneno yake yanaweza kuwa ya namna hii:

"Walichimba mita 130, hakuna maji. Mkataba ulisema kikitoka kikavu nalipa nusu ya uchimbaji, na nusu ndiyo niliyolipa. Kesingi (bomba la kushikilia kuta za shimo) na pampu sikulipia kwa kuwa havikuingia shimoni. Walirudi kupima upande wa pili wa kiwanja, wakaniambia wenyewe nisichimbe. Sasa navuna maji ya paa."

Huo uweke chini ya bei ya mita, jirani na kipengele cha mkataba kinachosema hivyohivyo, kwa herufi za ukubwa uleule wa ushuhuda mwingine wote.